Zamu ya Ijumaa

Asnath hakuchaguliwa kuongoza huduma ya wahitaji kwa sababu ya elimu. Darasa la nne alilimaliza kwa taabu, akaolewa na Aminieli, akazaa watano, akazika wawili, akaendelea kulima. Alichaguliwa mwaka ule wa Azimio la Arusha, siku mwinjilisti Hezroni alipouliza kanisani ni nani angekwenda kumwogesha bibi mmoja mwenye vidonda, ambaye majirani walikuwa wameacha kupita mlangoni pake. Watu wote wakaangalia vidole vyao vya miguu. Asnath alikuwa ameshasimama, anajifunga kanga yake vizuri. Basi, ikawa hivyo. Tangu siku ile mtaa wa Kirongwe, kanisa dogo la mabati juu kwenye milima ya Upare, ukapata mama wa huduma.

Kazi yenyewe aliianza kwa konzi ya unga. Kila mama, kabla ya kusonga ugali, achote konzi moja aitie kwenye kopo la pembeni, na Jumapili alete kopo lake kanisani. Hakuna nyumba iliyokosa shibe kwa kupungukiwa konzi moja, na kwa konzi hizo Asnath alilisha wajane, wagonjwa, na mzee mmoja kipofu aliyekuwa akimtukana kila alipompelekea chakula, kwamba unga una mchanga.

Ukaja mwaka wa sabini na nne. Masika hayakunyesha. Huku juu watu waliponea kwa ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo walilolichimba mababu. Maji ya chemchemi hukusanyika humo usiku kucha, asubuhi mwenye zamu huzibua, maji yakateremka kwenye mifereji mpaka shambani kwake. Zamu hiyo mtu huirithi kama anavyorithi shamba. Ukiiba maji ya mwenzio, hata mchungaji hakutetei.

Huko chini, tambarare, upande wa Makanya, hakukuwa na ndiva. Kulikuwa na kijiji kipya kilichoitwa Tujikaze, nyumba sitini zilizopangwa kwa kamba, zimenyooka kama mistari ya daftari. Waliokaa humo walikuwa watu wa kila pembe ya nchi, waliokuja zamani kukata mkonge. Shamba la mkonge lilipopunguza watu, wakaambiwa hapa ndipo kwenu, limeni pamoja. Wakalima pamoja, na mahindi yakakauka pamoja. Kisha pampu ya kisima ikafa. Fundi akaandikiwa barua. Behewa la maji lililokuwa likiachwa stesheni kila wiki likapitisha wiki ya kwanza bila kuja, likapitisha ya pili.

Asnath alishuka Jumanne na gunia la unga mgongoni mwa punda wa kuazima. Alipofika alishangaa, maana watu hawakuja mbio. Walitoka milangoni polepole, wakamwamkia, wakaliangalia gunia kama mtu anavyoangalia mzigo wa mwenzake.

Aliyesema alikuwa Yahaya, mkata mkonge wa zamani kutoka Kigoma, mtu mrefu aliyekonda mpaka shati likamvaa yeye.

"Mama, tunashukuru. Mungu akuzidishie. Lakini unga tutausonga na nini? Na mate?"

Mtu mmoja akacheka nyuma yake, kicheko kikavu.

Mke wa Yahaya, Lukia, alimwita ndani. Kwenye mkeka alilala mtoto wao Sefu, wa miaka miwili, macho yamezama. Alikuwa akihara siku ya nne. Walikuwa wakichota maji kwenye dimbwi lililobaki kule malishoni, dimbwi lile lile wanalokanyaga ng'ombe.

"Nilimpeleka zahanati," Lukia alisema. "Mganga akaniambia dawa yake ni maji. Maji safi, mengi, yenye chumvi kidogo na sukari. Nikamwambia asante." Akamfukuza mtoto nzi. "Ningemwambia nini, mama?"

Asnath alikuwa na kibuyu chake cha safari, maji ya chemchemi ya Kirongwe. Akamlisha Sefu kwa kijiko, kidogo kidogo, kama saa nzima. Mtoto hakutapika. Kibuyu kilipofika chini alikuwa amefumbua macho na kumshika Asnath kidole. Lukia aliangalia kile kidole kilichoshikwa, akaanza kulia bila sauti.

Hapo ndipo Asnath aliposema neno ambalo baadaye alilijutia kuliko maneno yote ya maisha yake. Alisema, "Mwanangu, Ijumaa nitakuletea maji. Si ya kibuyu. Nitawaletea kijiji kizima."

Njiani akipanda alikuwa ameshaliona jambo lote kichwani. Zamu ya Ijumaa ilikuwa ya nyumba tatu: ya kwake, ya wifi yake Priska, na ya Hedwiga, mjane. Korongo linaloanzia chini ya ndiva linateremka moja kwa moja mpaka kwenye daraja la reli, na daraja la reli liko jirani na Tujikaze. Mvua kubwa ikinyesha mlimani, watu wa chini huliona korongo limejaa. Basi, nyumba tatu zikitoa zamu yao, ndiva nzima izibuliwe korongoni badala ya mferejini, maji yatashuka yenyewe. Sadaka ya unga wanaijua. Kwa nini pasiwe na sadaka ya maji?

Aminieli alimsikiliza, akakuna ndevu. "Maharage yametoa maua," alisema. "Yakikosa Ijumaa hii, hayasubiri nyingine."

"Najua, baba Tumainieli."

"Mimi sikukatazi. Nakukumbusha tu kwamba tutakula majani."

Hedwiga hakubisha, alikuwa mwanamke asiyejua kukataa, na hilo lilimuumiza Asnath zaidi. Priska ndiye aliyekuwa mgumu. Alikuwa akipura mahindi machache uani, na hakuacha kupura.

"Wifi, wewe kila mwaka unatafuta watu wa mbali zaidi. Ulianza na bibi wa hapo jirani. Ukaenda kwa yule kipofu mwenye mdomo. Sasa umefika Kigoma."

"Wako Makanya, wifi."

"Kwao ni Kigoma. Na wala hawasali kwetu."

"Mtoto alinishika kidole," Asnath alisema.

Priska akapura mara tatu, nne. "Unajua mimi nina midomo mingapi humu ndani? Saba. Hayo maharage ndiyo Krismasi yao, ndiyo sare zao za shule." Akaweka mti chini. "Chukua. Ila yafike. Ukinichukulia maji yangu, yafike."

Mzee Melkizedeki, msimamizi wa ndiva, alikubali kuzibua kwa kuwa wenye zamu wameridhia. Aliwauliza tu kama wana hakika. Alisema hajawahi kuona maji ya ndiva yakifika relini wakati wa kiangazi, lakini hajawahi pia kuona mtu akiyapeleka. Hakuna aliyelifikiria zaidi. Watu wa mlimani wamezoea udongo mwekundu ambao ukiuloanisha unashikamana. Kwao maji yakielekezwa yanakwenda. Mchanga waliujua wa kujengea tu.

Ijumaa asubuhi na mapema kizibo kilitolewa. Maji yalitoka kwa kishindo, yakatumbukia korongoni, na Asnath akashuka nayo sambamba, jembe begani, mwinjilisti Hezroni nyuma yake. Alikuwa amemtuma mtu Alhamisi kuwaambia watu wa Tujikaze wangoje darajani na madebe yao.

Mwanzo ilikuwa furaha. Maji yalikwenda mbele kama mnyama mwenye ulimi, yanalamba majani makavu, yanabeba sisimizi na povu. Yalipokwama kwenye shina la mti, Asnath aliyafungulia njia kwa jembe. Hezroni akaanza pambio, naye akaitikia. Saa nne aliona kiu, akainama, akanywa kwa viganja akatosheka, akanawa uso, akaendelea. Mikono yake ilikuwa na jembe tu. Kibuyu alikiacha nyumbani, kimetundikwa msumarini. Mtu anayetembea na bwawa zima ubavuni abebe kibuyu cha nini?

Walipotoka kwenye miguu ya mlima, korongo lilipanuka. Chini hapakuwa tena na mawe wala udongo, palikuwa mchanga mweupe unaounguza. Ulimi wa maji ukapunguza mwendo. Hezroni aliacha kuimba.

"Yanajipanga tu," Asnath alisema. "Ya nyuma yatayasukuma."

Ya nyuma hayakuyasukuma. Yalikuwa yanakuja, yanaonekana yanakuja, lakini kila yalipofika mahali pale yalikuwa machache kuliko yale yaliyotangulia. Mchanga ulikuwa ukiyanywa kwa mlio mdogo, kama mtoto anyonyaye. Asnath akapiga jembe, akachimba kijifereji, akachimba kingine, akatoa jasho mpaka kanga ikamgandia. Maji yaliingia kwenye kijifereji, yakasogea hatua kumi, yakazama. Akachimba tena. Hatua sita. Akatupa jembe akachimba kwa mikono.

"Mama Tumainieli," Hezroni alimwita.

"Nipishe."

"Mama Tumainieli, yamekwisha."

Aliinua uso. Toka pale daraja la reli lilionekana, jeusi, dogo. Na chini yake watu wamejipanga. Madebe yao yalikuwa yanametameta juani. Mmoja alikuwa anapunga mkono.

Juu kidogo kwenye mchanga kulikuwa bado na kidimbwi, kama sahani tatu za maji yenye tope. Asnath akatafuta cha kuchotea. Hakuwa na kibuyu, hakuwa na kikombe, hakuwa na hata jani. Alivua kanga ya juu, akaizamisha humo, akaikunja bila kuikamua, akaikumbatia kifuani, akakimbia. Mama wa miaka arobaini na saba, alikimbia juani kwenye mchanga huku amekumbatia nguo mbichi, na kanga inakauka kila hatua.

Watu wa darajani walimwona peke yake, wakaelewa kabla hajafika. Madebe yakaanza kuwekwa chini.

"Yamenywewa," aliwaambia, akihema. "Mchanga umeyanywa. Yalikuwa mengi. Yalikuwa mengi kweli, ndugu zangu."

Mtu yule aliyecheka Jumanne akasema, "Mlitutangazia mto."

"Muache," Yahaya alisema.

"Namuacha. Namuuliza tu. Tumekaa hapa toka alfajiri, hata lile dimbwi la ng'ombe hatukwenda. Sasa jua liko hapo, tuanze safari lini?"

Alisema kweli. Yahaya alimgeukia Asnath, akamuuliza kwa utaratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Yamefia wapi, mama? Yule mwenzako kule nyuma anionyeshe." Akachukua panga lake la mkonge, karai na debe, akaondoka na vijana wawili kupanda korongo. Watu wa huko walijua kitu ambacho Kirongwe hawakukijua, kwamba mchanga uliokunywa maji, ukiuchimba upesi kwenda chini, wakati mwingine hukurudishia kidogo.

Asnath alikwenda kwa Lukia. Sefu hakuwa yule wa Jumanne. Ngozi ya tumbo ukiibana ilibaki imesimama. Mwanakheri, bibi wa nyumba ya jirani aliyezalisha nusu ya watoto wa Tujikaze, alikuwa ameketi miguuni pake, na alipoiona ile kanga hakuuliza. Akamfungua mtoto mdomo.

Asnath akakamua. Kikatoka kijiko kimoja cha maji ya kahawia. Akakunja upande mwingine, akakamua kwa nguvu zake zote. Matone. Sefu alimeza la kwanza na la pili. La tatu likapita shavuni.

"Yako mengine?" Lukia aliuliza.

"Yahaya anachimba."

"Ijumaa ulisema."

"Nilisema, mwanangu."

"Sikulaumu, mama. Nahesabu siku tu."

Jua lilipokuwa linaelekea milimani Yahaya alirudi na debe, nusu yake maji mazito kama uji wa ulezi. Alikuwa anakwenda mbio zile za mtu mwenye mzigo asiotaka umwagike. Mwanakheri alitoka nje, akasimama katikati ya njia.

"Pole pole, baba," alimwambia. "Usikimbie tena."

Yahaya akasimama. Akalitua debe chini kwa uangalifu sana, lisimwagike hata tone, ndipo akakaa kando yake.

Asubuhi yake mtoto alioshwa. Debe lile, lililotuama likatoa maji juu na tope chini, ndilo lililomwosha. Lukia alisita kulitumia. Alisema kuna watoto walio hai wanaolihitaji. Mwanakheri akamwambia achukue kata mbili tu, zinatosha mwili mdogo, zinazobaki wapewe wenzake Sefu. Akamtazama Asnath aliyekuwa amekaa pembeni kama mtu anayesubiri kufukuzwa.

"Wewe mama wa kanisani. Unajua kumimina?"

"Najua."

"Njoo umimine. Polepole, mpaka nikwambie."

Akamimina. Alishika kata kwa mikono miwili. Maji ya Priska, ya Hedwiga na ya kwake, maua ya maharage ya nyumba tatu, yakapita juu ya kifua cha mtoto yule na kuingia ardhini. Alimwomba Mungu wake kimoyomoyo, na Mwanakheri alisoma ya kwake kwa sauti, na hakuna aliyemzuia mwenziwe.

Jumapili, baada ya matangazo, Asnath alisimama kanisani. Hakwenda mbele, alisema palepale kwenye benchi lake.

"Maji mliyonipa sikuyafikisha. Nilidhani yanajua njia. Nilikunywa mimi, nikashiba, nikanawa na uso, na kibuyu nilikiacha nyumbani. Mtoto yule amekufa. Hedwiga, Priska, maharage yenu nimeyaua bure. Huduma hii mpeni mtu mwingine."

Akakaa. Mabati yalilia kwa joto. Hedwiga alijifuta macho kwa ncha ya kilemba. Haikujulikana anamlilia mtoto au maharage. Mzee mmoja wa kanisa alikohoa, akasema hilo litazungumzwa kwenye kikao. Watu wakatoka, na mlangoni wengi walimpa Asnath mkono bila kumwangalia usoni. Priska hakumpa hata mkono.

Siku ile alikaa jikoni bila kuwasha moto. Aminieli alichemsha mwenyewe majani ya maboga, akamwekea, akayaondoa yakiwa vilevile.

Jumatatu, jua halijatoka, aliitwa mlangoni. Alikuwa Priska, ana debe kichwani na ngata ya majani ya migomba chini yake, na majani mabichi juu ya maji yasirukeruke. Nyuma yake walisimama wanawake wawili, na mmoja alikuwa Hedwiga na kibuyu kikubwa mgongoni, maana kichwa chake hakiwezi tena mzigo.

"Mbona unanikodolea macho?" Priska alisema. "Maji ya kunywa hayana zamu. Hata Melkizedeki hawezi kunidai."

"Wifi, ni mwendo wa saa tano."

"Najua kuhesabu. Nimekuja kuonyeshwa njia, si kusomewa saa." Akalisogeza debe kichwani. "Hezroni alinisimulia ile kanga, nikaota nakamua nguo. Usiku kucha nakamua nguo, haitoki kitu. Sasa chukua debe lako, shingo inaniuma nikisimama."

Waliteremka wanne. Kwenye mteremko maji yalimwagika yakawaingia migongoni, na Priska alinung'unika kila kona, kwamba amepata maji ya kuoga bila kutaka. Hedwiga alipumzika mara sita. Asnath alikuwa akipiga hesabu moja tu, tena alilijua jibu lake: madebe matatu na kibuyu kimoja, nyumba sitini. Mvua za vuli zilikuwa bado wiki tano au sita, kama zingekuja.

Lukia ndiye aliyewaona kwanza. Alikuwa ameketi kizingitini, mikono haina kazi. Alisimama, akamwamkia Asnath, akawaamkia na wengine mmoja mmoja kama inavyopasa. Priska, aliyekuwa na maneno tangu alfajiri, aliitikia marahaba tu, akabaki na debe kichwani.

"Tua mama, nikupokee," Lukia alimwambia, akalishika debe kwa mikono miwili.

Aliyatazama yale maji meupe, ambayo siku tatu nyuma yangekuwa kila kitu. Asnath aliogopa kwamba atayamwaga, na asingemlaumu. Lukia akafunika debe kwa majani yake.

"Tusigawe sawasawa," alisema. "Hayatamtosha mtu. Tuanze na wanaohara. Mjukuu wa Mwanakheri hajasimama toka jana, na kule mstari wa mwisho wako mapacha. Mimi nawajua wote. Nifuateni."

Akatangulia, na wanawake wa Kirongwe wakamfuata.